MJADALA: Bunduki ya kale ya fataki ikatwe ili ipige risasi za kisasa?

Wakuu, nchini Marekani wakusanyaji wa silaha za kale wanavutana juu ya jambo hili. Bunduki ndefu zenye silinda ya kuzunguka, yaani yenye vyumba kadhaa vya risasi, kama Colt ya mwaka 1855, ziliundwa kupakiwa baruti nyeusi na risasi, kisha kuvishwa fataki kwa nyuma, yaani vikofia vidogo vinavyolipuka vikigongwa na kuiwasha baruti. Leo wapo wanaozipeleka kwa fundi azigeuze zitumie risasi zenye ganda la shaba. Mimi napinga kabisa.

Askari wa kikosi cha 21 cha Ohio walikuwa nazo kwenye mapigano ya Chickamauga, Septemba 1863, katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, wakazuia mashambulizi kilimani mpaka risasi zikawaishia. Hata ubovu wake ni historia: moto uliweza kuruka kutoka chumba kimoja cha silinda hadi kingine, risasi zikatoka kwa mkupuo na kuujeruhi mkono wa kushoto ulioshika mtutu. Ukishaikata silinda pale fataki zinapokaa, ushahidi huo umeufuta, na hakuna fundi wa kuurudisha.

Mchangiaji wa kwanza: Mkuu, mbona viwanda vyenyewe vilifanya hivyo? Hataza ya Rollin White, iliyowapa Smith & Wesson haki ya silinda iliyotobolewa mwanzo hadi mwisho ili risasi ya ganda iingizwe kwa nyuma, ilipokwisha 1869, Colt na Remington wakageuza silaha zao za fataki. Hizo leo zinathaminiwa. Ya kwangu inakuwaje uharibifu? Halafu ganda la shaba linaondoa hiyo hatari ya moto kuruka. Na mali ni yangu.

Mwanzisha mada: Mali ni yako, sibishi. Lakini wao waligeuza bidhaa iliyokuwa bado sokoni. Bunduki za Remington za aina hii zilitengenezwa kuanzia 1866 hadi 1879, na hazikufika 1,000. Kila unayoikata, haizaliwi nyingine.

Kuhusu usalama, moto hautaruka, kweli. Ila chuma kile kilikusudiwa baruti nyeusi. Baruti isiyo na moshi, iliyokuja miaka ya 1880, ina shinikizo kubwa zaidi, na silinda ikipasuka uso wako uko hapo hapo nyuma yake. Anayetaka kulenga shabaha anunue nakala mpya. Zipo hata silinda za risasi za ganda, za kuchomeka na kuchomoa bila kukata kitu. Ajue tu kwamba nakala ikishageuzwa ipige risasi za kawaida za kisasa, sheria ya shirikisho ya 1968 haiihesabu tena kuwa silaha ya kale, bali bunduki ya kawaida yenye masharti yake.

Mchangiaji wa pili: Na ile iliyokwisha kupoteza silinda yake zamani? Ibaki gofu?

Mwanzisha mada: Hapo nalegeza. Akiitengenezea silinda mpya bila kugusa fremu wala mtutu, sina ugomvi naye. Sharti langu ni moja: achonge mwaka wa kazi yake juu ya silinda hiyo, waziwazi, asije mtu akauziwa kazi ya juzi kwa bei ya kazi ya kiwanda ya miaka ya 1870.