Mita 10,000 wanaume: tangu Temu 1968 bado tunalilia mzunguko wa mwisho!

#1
Wadau wa riadha, visingizio vimenichosha. Fainali ya mita 10,000 wanaume pale Tokyo, 14 Septemba 2025, imeshindwa kwa 28:55.77. Kwa aliyedhani ni kosa la uchapaji: DAKIKA 28 NA SEKUNDE 55. Tangu mashindano ya dunia yaanze Helsinki 1983, hakuna bingwa wa mbio hii aliyewahi kuchukua muda mrefu hivyo. Hata Alberto Cova mwaka ule wa kwanza alishinda kwa 28:01.04. Dhahabu imekwenda Ufaransa kwa Jimmy Gressier. Yomif Kejelcha wa Ethiopia kaachwa kwa sekunde 0.06, na shaba kaichukua Andreas Almgren wa Sweden. Sisi Wakenya tumerudi mikono mitupu.

Na asiniletee habari za joto na unyevu. Msweden naye hakulelewa Mombasa.

Pigeni hesabu. 28:55 kwa mizunguko 25 ni sekunde 69.4 kwa kila mzunguko. Muda wa moja kwa moja wa kufuzu ulikuwa 27:00.00, yaani 64.8 kwa mzunguko. Mtu wa 27:00 akiburuzwa kwa 69 anabaki na akiba ya zaidi ya sekunde nne kila mzunguko, mizunguko ishirini na kitu. Hapo hakuna anayechoka, hakuna anayebanduka, kundi zima linafika kengele ya mzunguko wa mwisho likiwa bado linapumua kwa pua. Sasa mwendo huo unamfaa nani? Unamfaa mwenye mguu wa mita 1,500, mwenye mchomoko wa kasi mwishoni. Gressier huyo huyo alirudi siku chache baadaye akabeba shaba ya mita 5,000. Mtu wa namna hiyo ukimwachia mizunguko 24 ya kunyoosha misuli, umemfungulia mlango, umemwekea kiti na chai umemmiminia.

Sisemi haya kwa sababu ya Tokyo peke yake. Dhahabu ya Olimpiki ya mbio hii tunayo MOJA, ya Naftali Temu, Mexico 1968. Ya dunia tunazo tatu: Paul Kipkoech Roma 1987, Moses Tanui Tokyo 1991, Charles Kamathi Edmonton 2001. Basi. Mtoto aliyezaliwa siku Kamathi anashinda leo ana kitambulisho na anapiga kura. Katikati hapo tumekusanya fedha na shaba kama mtu anayeokota chenji chini ya meza. Paul Tergat alipigwa na Haile Gebrselassie Atlanta 1996 (27:07.34 dhidi ya 27:08.17), akapigwa tena Sydney 2000 kwa sekunde 0.09. Paul Tanui ana shaba tatu za dunia, 2013, 2015 na 2017, na fedha ya Rio 2016. Rio ile Mo Farah wa Uingereza alianguka kabisa, akainuka, akajivuta mpaka kundini na bado akashinda kwa 27:05.17, Tanui 27:05.64. Stanley Waithaka Mburu fedha Eugene 2022. Daniel Ebenyo fedha Budapest 2023. Shaba ya Rhonex Kipruto ya Doha 2019 imefutwa kwa kesi ya dawa, hiyo tuiache palepale.

Dhahabu za dunia za 2019, 2022 na 2023 zote zimekwenda Kapchorwa, Uganda, kwa Joshua Cheptegei, upande wa pili wa Mlima Elgon. Hewa ileile, ugali uleule, mwinuko uleule. Kwa hiyo hii hadithi ya "vijana hawana damu ya zamani" muiweke kando.

Kosa ni la mchujo. Olimpiki ya Paris 2024: wakimbiaji wetu wa mita 10,000 walipelekwa kuchujwa Eugene, Marekani, mwezi Mei. Daniel Mateiko 26:50.81, Nicholas Kimeli 26:50.94, Benard Kibet 26:51.09. Muda mtamu. Lakini mbio ya aina ile inampima mtu kwa jambo moja tu: kukaa kwenye mwendo mkali usiobadilika, mbio iliyopangwa ili muda utoke. Fainali ya ubingwa haina mweka kasi (yule anayetangulia mbele kushika mwendo uliopangwa), haina taa za mwendo pembeni mwa uwanja, na mwendo wake unapanda na kushuka kama barabara ya Kabarnet: 68, 66, 62, 67, 61. Anayetikiswa hivyo anachoma akiba haraka kuliko anayekimbia 64 bapa, hata kama jumla ya muda ni ileile. Kwa hiyo tunachagua kwa mtihani wa hesabu kisha tunampeleka mtoto akafanye insha!

Matokeo ya Paris mnayajua. Cheptegei 26:43.14, rekodi ya Olimpiki. Berihu Aregawi 26:43.44, Grant Fisher 26:43.46. Kibet wetu wa tano, 26:43.98. Sekunde 0.84 kutoka dhahabu, ambazo kwa kasi ile ya mwisho ni kama mita sita. Na hapa nisomeni taratibu. Mkimbiaji akikaa leni ya pili badala ya kujibana kwenye ukingo wa ndani, kila kona anaongeza mita tatu na nusu, kila mzunguko mita saba. Mzunguko MMOJA tu wa kuzubaa nje unakula tofauti yote kati ya wa tano na bingwa. Mizunguko kumi ya namna hiyo ni mita 70. Nani kwenye benchi letu anahesabu kona hizo? Nani anamwambia mtu kwamba kupita kunafanywa kwenye mnyoofu na sio kwenye kona? Kwamba kengele ikilia lazima uwe ndani ya watatu wa kwanza, begani kwa anayeongoza, usiwe umefungiwa ndani ukiomba njia? Ukifungiwa, unasubiri mlango ufunguke, na mbele wameshachomoka mita tano.

Ninachotaka ni hiki. Mchujo ukimbiwe nyumbani, bila mweka kasi, na anayeingia timu ashinde MBIO, asishinde saa. Timu itajwe mapema ili hao watatu wakae kambi moja na wagawane kazi kabla ya kupanda ndege. Na wasimamizi watueleze mpango wa Tokyo ulikuwa upi. Kama ulikuwepo.

#2
Mkuu umeandika kwa uchungu na nakuelewa, ila dawa yako tulishainywa. Beijing 2015 Geoffrey Kamworor, Bedan Karoki na Paul Tanui walifanya kazi ya pamoja, wakaongoza kwa zamu. Wakamaliza wa pili, wa tatu na wa nne. Farah 27:01.13, Kamworor 27:01.76. Mpango ulikuwepo, dhahabu haikuja. Sasa?

#3
#2, swali zuri, na ndipo watu wengi wanapochanganya. Kuongoza sio kuumiza. Farah alikuwa na 26:46.57 aliyoikimbia Eugene 2011, na 3:28.81 ya mita 1,500 ya Monaco 2013. Mtu huyo ukimpa 27:01 umempa sekunde 15 za kupumulia. Anakaa nyuma anakatiwa upepo bure, na mzunguko wa mwisho anakutolea 54.

Linganisha na mashindano ya dunia ya Paris 2003. Waethiopia walipita mita 5,000 kwa 13:52.33, polepole tu. Nusu ya pili ikakimbiwa 12:57.24! Kenenisa Bekele, Haile, Sileshi Sihine, wa kwanza mpaka wa tatu. Ile nusu ya pili ni wastani wa sekunde 62.2 kwa mzunguko, mizunguko kumi na mbili na nusu. Hapo ndipo mguu wa mita 1,500 unapokufa, kwa sababu mwenye mguu huo hafiki kengele akiwa nao.

Kwa hiyo zamu ziwe hivi: mpaka mita 5,000 hakuna wetu anayegusa mbele, kila mtu anajibana ukingoni. Kuanzia hapo mmoja anatoka, mizunguko miwili ya 62, anahamia nje kidogo kwenye mnyoofu ili mwenzake apite ndani bila kuvunja hatua. Wa pili, mizunguko miwili ya 62. Wa tatu vilevile. Kosa letu la siku zote ni mmoja kutoa mzunguko wa 61, kugeuza shingo kuona nani amefuata, kisha kurudi 66. Kile kipindi cha 66 ndicho kinawaunganisha waliokuwa wameanza kuachwa. Afadhali usitoke kabisa.

#4
Wakuu, salamu kutoka Bongo. Naongeza moja. Siku iliyofuata palepale Tokyo, Alphonce Simbu alishinda marathoni ya wanaume kwa sekunde 0.03 mbele ya Mjerumani Amanal Petros, wote 2:09:48. Kilomita 42 halafu mnapimwa kwa picha ya utepe! Maana yake hata barabarani sasa ubingwa unaamuliwa na mita 100 za mwisho. Ukienda ubingwa bila mchomoko, iwe 10,000 iwe 42, umekwenda kutalii.

Ila mleta uzi umemsahau Kamathi kwenye hoja yako. Edmonton 2001 ilikuwa mbio ya polepole, 27:53.25, na alimpiga Haile kwenye mnyoofu wa mwisho. Kwa hiyo Mkenya anaweza kushinda hata mbio ya kusubiriana.

#5
Mnazunguka mbuyu. Mbio ya 10,000 haina nafasi ya kudumu kwenye Diamond League, ule mfululizo wa mashindano makubwa ya kila mwaka. Kijana akiwa na 26:50 meneja anamwita barabarani: kilomita 10, nusu marathoni, hela mkononi. Uwanjani anaikimbia mara mbili kwa mwaka, labda mchujo na fainali. Halafu kuna viatu. Barabarani anazoea soli ya milimita 40, uwanjani mwisho ni 20. Kisigino kinashuka, ndama za miguu na kano ya nyuma zinabeba kazi ambayo povu la soli lilikuwa linazibebea. Mtu anayevaa spaiki, viatu vya meno vya uwanjani, wiki tatu kabla ya ubingwa, kilomita ya nane ndama zimeshakuwa mawe. Mchomoko atautoa wapi?

#6
#4, Kamathi sijamsahau, na wala sipingi kusubiriana. Ninachopinga ni kwenda bila kuchagua. Ukiamua kusubiri, basi andaa mguu wa kusubiri. Wanawake wetu wanao: Beatrice Chebet hapohapo Tokyo kachukua 10,000 na 5,000. Dhahabu saba za timu nzima, ya mwanamume ni moja tu, ya Emmanuel Wanyonyi mita 800. Wakufunzi wapo nchini, viwanja ni hivyohivyo.

#5 umegusa penyewe kwenye viatu. Spaiki zirudi miguuni wiki kumi kabla, sio tatu: kwanza mikimbio ya mita 100 kumi baada ya mbio za taratibu, wiki mbili baadaye mita 400, ndipo mita 1,000. Na kazi ya mchomoko ifanywe mtu akiwa AMECHOKA. Kukimbia mita 400 kwa 54 asubuhi ukiwa umelala vizuri hakukufundishi kitu. Fanya mita 1,000 mara sita kwa 2:42, pumzika sekunde 90 katikati, ya sita ikiisha pumzika dakika moja tu kisha mita 400 kwa 55, mita 200 za mwisho ziwe kali kuliko za kwanza. Juu kule Iten, mita 2,400, muda huo hautoki kirahisi, maana hewa hairudi haraka kati ya mkimbio na mkimbio. Kwa hiyo siku za kazi hiyo kikosi kishushwe chini, kisha kirudi juu kulala.

Ubingwa ujao ni Beijing 2027. Mchujo utakuwa wapi, na utakuwa na mweka kasi au hautakuwa? Anayejua atuwekee hapa.