Lakenalia yangu ina majani marefu, maua haitoi

Mama Zuhra, Leicester
Ndugu zangu, salamu. Septemba iliyopita nilipanda vitunguu sita vya lakenalia, mmea wa maua unaochipuka kutoka kitunguu kisicho cha kuliwa, katika chungu kimoja, nikakiweka sebuleni dirishani, kwa kuwa niliambiwa kwamba mmea huu haustahimili jalidi. Majani yalichipuka upesi, yakarefuka, kisha yakalala kama mchicha uliochemshwa. Hadi Februari lilikuwa limetokea bua moja tu la maua, nalo likakauka kabla ya kuchanua. Nilikosea wapi?

Mzee wa Kibarazani
Mama Zuhra, uliukimbiza mmea baridi ukautia kwenye joto, na joto ndilo lililouharibu. Mwanga wa Desemba hapa Uingereza ni hafifu mno, na mmea unaopata joto la sebuleni bila mwanga wa kutosha hurefuka kwa kuutafuta. Lakenalia hupenda mahali penye mwanga mwingi na ubaridi, usiku ukiwa wa nyuzijoto 5 hadi 10 hivi. Vyungu vyangu hukaa katika kibaraza cha vioo kisichopashwa joto, nami huviingiza ndani usiku wa jalidi kali tu, kisha asubuhi huvirudisha, hata mke wangu akinicheka.

Mkulima wa Rasi
Naandika kutoka Cape Town, na maua haya asili yake ni huku. Sisi tuliokulia Afrika Mashariki hudhani kwamba mvua na joto ni ndugu, lakini huku mvua hunyesha wakati wa baridi, hasa Mei hadi Agosti, na msimu wa joto huwa mkavu. Kitunguu hukua katika baridi yenye unyevu na hulala katika joto kavu, kwa hiyo majani yakianza kuwa manjano, punguza maji hadi uache kabisa, wala usiyakate yangali mabichi, kwa sababu ndiyo yanayokilisha kitunguu kwa ajili ya maua ya mwaka unaofuata. Je, msimu wa joto ulikimwagilia?

Mama Zuhra, Leicester
Nilikimwagilia kila wiki, kwa huruma. Jana nilifukua nikakuta vitatu vimelainika na vinanuka.

Mkulima wa Rasi
Hivyo vitupe pamoja na udongo wake. Vilivyobaki vigumu uvipande upya mwisho wa Agosti, katika mchanganyiko wa mboji na mchanga wa chembe kubwa kwa kiasi sawa, ncha ikiwa chini ya udongo kwa sentimita 2 au 3. Mwagilia mara moja, kisha subiri majani yatokeze ndipo uendelee, na usiache maji yatuame katika kisahani.

Mzee wa Kibarazani
Nami naongeza kwamba ukikuta vitunguu vichanga pembeni, vipe chungu chao, kwani huenda vikahitaji misimu miwili au zaidi kabla ya kuchanua. Ukinunua vipya, tafuta pia lakenalia ya maua mekundu iitwayo bulbifera. Yangu hutangulia nyingine zote, na mwaka jana ilichanua kabla ya Krismasi.

Mama Zuhra, Leicester
Ahsanteni sana. Kibaraza sina, ila kuna chumba cha wageni kisichowashwa joto, chenye dirisha kubwa linalotazama kusini. Chungu kitahamia huko.