Mtoto aliyemuuguza mzazi: aongezewe fungu la mirathi au alipwe deni lake?

Mtoa hoja:

Hoja yangu ni hii: mzazi anapofariki bila kuacha wosia, mtoto aliyebaki naye na kumuuguza kwa miaka mingi asiongezewe fungu la mirathi, bali ahesabiwe kuwa mdai wa marehemu na alipwe kabla ya mali kugawanywa. Najua kauli hii itawakera wengi waliouguza, maana kuitwa mdai wa mama yako mzazi si sifa.

Fungu la mtoto hutokana na kuzaliwa tu. Halina uhusiano na wema wake wala ukorofi wake. Tukiruhusu liongezwe kwa ajili ya wema, kila mmoja ataleta wema wake: huyu alilipa ada za wadogo zake, yule aligharimia matibabu ya macho ya baba, mwingine ndiye aliyekuwa akipiga simu kila jioni. Hakuna mahakama wala kikao cha familia kinachoweza kuupima upendo huo, na wanapojaribu, hutamkwa maneno yasiyorudishika. Deni lina tarehe, lina kiasi, na linaweza kukanushwa bila kumtukana mtu.

Utaratibu huo si mgeni. Katika sheria ya Kiislamu, mali ya marehemu hutolewa kwanza gharama za mazishi, kisha madeni, kisha wasia usiozidi thuluthi moja, na kinachobaki ndicho kinachogawanywa kwa faraidhi, yaani kwa mafungu ya warithi yaliyowekwa na sheria hiyo. Tena, kwa mujibu wa madhehebu ya Sunni, mrithi haachiwi wasia ila kwa ridhaa ya warithi wenzake. Hivyo mlango wa kumwongezea fungu mtoto mwema ni mwembamba sana, ilhali mlango wa deni uko wazi. Nchini Kenya, kifungu cha 42 cha Sheria ya Urithi kinataka mali aliyopewa mtoto wakati wa uhai wa mzazi izingatiwe wakati wa mgawo. Kifungu hicho kinakumbuka alichopokea mtoto, alichokitoa hakikitaji.

Mchangiaji wa pili:

Ndugu mtoa hoja, umeandika vizuri, lakini umeandika kama mtu ambaye hajawahi kumgeuza mgonjwa kitandani. Mgonjwa asiyejiweza hugeuzwa kila baada ya saa 2 hivi, usiku na mchana, asije akapata vidonda mgongoni na visiginoni. Nimemfanyia mama yangu kazi hiyo, na sikuwa na daftari mkononi. Deni linadai makubaliano, na ni mtoto gani atakayemwambia mama asiyeweza kushika kijiko atie saini mkataba wa malipo? Kwa utaratibu wako atalipwa yule aliyeanza kutunza risiti tangu siku ya kwanza, mwenye hesabu zake kichwani, na aliyeuguza bila kuhesabu ataondoka mikono mitupu.

Isitoshe, zipo nchi zilizothubutu kufanya hicho unachosema hakiwezekani. Kifungu cha 2057a cha Sheria ya Kiraia ya Ujerumani kinamruhusu mtoto aliyemhudumia mzazi kwa muda mrefu kudai afidiwe huduma hiyo anapogawana mirathi na wenzake. Japani, kwa marekebisho ya 1980, iliweka fungu la ziada kwa mrithi aliyechangia kwa namna ya pekee kuilinda au kuikuza mali ya marehemu, na mwaka 2018 ikawapa ndugu wasio warithi, kama vile mkwe aliyemuuguza mama mkwe wake bila malipo, haki ya kudai fedha kutoka kwa warithi. Majaji wa huko wanapima, tena kwa fedha.

Mchangiaji wa tatu:

Mimi ni yule ndugu aishiye mbali anayesemwa katika kila msiba. Dada yangu alimuuguza baba, na namshukuru bila unafiki. Lakini pia aliishi katika nyumba ya baba bila kulipa kodi, alishika kadi ya benki ya baba, na fedha nilizotuma kila mwezi zilipitia mkononi mwake. Baba alipokuwa hatukumbuki tena hata kwa majina, hati ya kiwanja ikabadilishwa jina. Sisemi aliiba. Nasema kwamba mtu mmoja anapokuwa muuguzi, mtunza fedha na shahidi pekee wa kauli za mgonjwa, sisi wengine hatuna cha kushika isipokuwa neno lake, na ile kauli ya "baba alisema nyumba ni yangu" haina wa kuikanusha. Kama huduma itahesabiwa, basi na kodi ambayo hakulipa ihesabiwe, na matumizi ya kadi, na fedha za waliotuma.

Mchangiaji wa nne:

Mnagombania kiasi, na mara nyingi mali yenyewe ni nyumba moja. Kifungu cha 815 cha Sheria ya Kiraia ya Ufaransa kinasema hakuna anayeweza kulazimishwa kubaki katika umiliki wa pamoja wa mirathi. Ndugu mmoja akitaka chake, nyumba yaweza kuuzwa, na aliyeacha kazi ili auguze anapoteza mzazi na makazi kwa mpigo. Kabla ya deni na fungu, apewe muda wa kukaa.

Mtoa hoja:

Mchangiaji wa pili, mkataba ulioandikwa sikuudai. Deni laweza kuthibitishwa kwa kumbukumbu za hospitali zinazoonyesha mgonjwa hakujiweza tangu lini, kwa barua ya kuacha kazi, na kwa malipo ambayo familia ingempa mtu wa nje kwa kazi ile ile. Mifano yako inaniunga mkono kuliko unavyodhani: kote huko kinachopimwa ni huduma na faida yake kwa mali. Jina ni fungu, hesabu ni ya deni.

Kwa mchangiaji wa tatu, fedha zilizotumwa na matumizi ya kadi yahesabiwe, nakubali. Kodi, hapana, angalau si ya nyumba nzima. Anayelala sakafuni kando ya kitanda cha mgonjwa hakuwa mpangaji. Na muda wa kukaa ni wa haki, ila uwe na kikomo, na anayetaka kubaki moja kwa moja anunue hisa za wenzake, deni lake likikatwa katika bei.

Linalonisumbua zaidi ni nani ataliidhinisha dai. Mara nyingi aliyeuguza ndiye anayeteuliwa kuwa msimamizi wa mirathi, kwa kuwa nyaraka anazo na mali anaijua. Sasa huyo huyo awasilishe dai, alipokee na ajilipe? Napendekeza dai la msimamizi lisilipwe mpaka warithi wengine wote watie saini, na wakigoma, hakimu aliamue kabla ya mgawo kufungwa. Udhaifu wake nauona: ndugu mmoja mkaidi anaweza kukataa kutia saini mpaka muuguzi achoke na kuacha. Mwenye utaratibu unaomzuia msimamizi asijilipe na mkaidi asikwamishe, auweke hapa tuupime.