Mrejesho: treni ya watoto haiachi njia tena

Wakuu, niliuliza kwa nini treni yangu ya umeme ya kupanda watoto, reli zilizoachana milimita 184, inaacha njia kila ikifika kona. Aliyesema nikague fremu ya kichwa cha treni, Mungu akubariki! Nilikiweka kwenye reli iliyonyooka, nikasukuma karatasi chini ya gurudumu la mbele kushoto, ikapita bila kukwama. Fremu ilijipinda wakati wa kuchomelea, gurudumu likawa linaelea. Nimefunga springi kwenye ekseli, sasa yote manne yanakanyaga. Mota na betri mbili za volti 12 sijazigusa. Jana wanangu wamezunguka uani hapa Mikindani hadi magharibi. Imebaki rangi tu, maana chumvi ya bahari hii haina huruma na chuma.