Betri ya tatu kwa miaka miwili na nusu, kwani nakosea wapi?

MamaPacha_SouthB

Wadau habari za asubuhi, naomba mnisaidie kabla sijamwaga pesa tena. Niko na Toyota Fielder ya 2013, petroli ya kawaida, haina yale mambo ya kujizima kwa jam. Ilikuja na betri yake kutoka Japani ikafa, nikanunua ingine ikanipeleka kama mwaka na miezi miwili hivi ikafa, na sasa hii ya tatu iko na miezi tisa tu na leo imeanza ile tabia. Unageuza ufunguo unaskia tk tk tk tk, taa za dashibodi zinafifia kama mshumaa, halafu kimya. Pacha wako nyuma na mabegi yao wananiangalia tu. Ikabidi soja wa getini akimbie kutafuta waya za jampa, tukaunga na Probox ya kijana wa maziwa, ikawaka mara moja bila hata kusumbua.

Matumizi yangu ni South B hadi Upper Hill Jumanne na Alhamisi, siku zingine nafanyia kazi nyumbani. Shule iko karibu, hata dakika kumi haifiki. Ijumaa jioni nikishaegesha mara nyingi sigusi gari hadi Jumatatu. Vitu nimeongeza ni trakeri (ya mkopo wa sako, hiyo siwezi gusa), alamu, dashikamu na redio ya skrini kubwa.

Fundi wangu anasema betri za siku hizi ni feki ninunue kubwa zaidi. Wa pili anasema alteneta, ile inachaji betri injini ikiwaka. Jirani anasema nikuwe natoa terminali kila usiku. Nimsikize nani jameni?

ProboxNyeusi

Mama Pacha hiyo gari yako inatembea kidogo kuliko kuku wangu 😂 pole lakini.

fundi_wa_waya

Mama Pacha usinunue kitu bado. Hao watu watatu wote wamekupatia jibu na hakuna hata mmoja amepima. Mimi kazi yangu ni waya za magari, niko upande wa Kirinyaga Road zaidi ya miaka kumi, na naweza kukwambia betri nyingi zinaletwa hapa zikiitwa mbaya hazikuwa mbaya, ziliuliwa polepole.

Tafuta mita ya dijitali, ile ndogo ya njano, kule Luthuli kwa maduka ya vifaa vya umeme unapata na haimalizi elfu moja. Jioni ukishaegesha acha boneti wazi kidogo ndio asubuhi usifungue mlango kwanza, maana ukifungua mlango taa na kompyuta zinaamka zinaharibu hesabu. Asubuhi weka mita kwa volti, pima betri juu ya terminali. Ikisoma volti 12.6 kwenda juu imejaa. 12.4 ni kama robo tatu. 12.2 ni nusu, na 12.0 hiyo imebaki robo na inalia. Halafu mtu apige stata ukiwa unaangalia, ikishuka chini ya 9.6 wakati inazungusha na ulikuwa umeichaji ikajaa, basi hapo betri yenyewe imechoka. Injini ikishawaka unataka kuona kati ya 13.8 na 14.5 hivi. Ikiwa 12 na kitu hapo ndio useme alteneta, na ikipita 15 inachemsha betri, hiyo pia ni mbaya.

Sasa ile ya maana kwako. Toa funguo, shusha kioo cha dereva kwanza usijifungie nje, fungua mlango halafu na bisibisi sukuma lile komeo la mlango lifunge kama mlango umefungwa, gari inadhani umeenda. Chukua spana ya kumi toa waya wa negativu. Weka mita kwa upande wa ampi (waya mwekundu wa mita uhamishe kwa shimo la 10A, wengi wanasahau hii), upande mmoja uguse terminali ya betri na mwingine uguse ule waya umetoa. Usiwashe gari wala usifungue swichi mita ikiwa hapo, utachoma fyuzi ya mita. Ngoja kama nusu saa gari ilale kabisa, kuna kompyuta zinachelewa kulala. Ukiona ampi 0.05 au chini, gari yako iko sawa. Ukiona zaidi kuna kitu kinanyonya, na hapo unaanza kutoa fyuzi moja moja ukiangalia ni gani ikitoka namba inaanguka.

Mbona nasisitiza hivi, angalia hesabu. Tuseme inanyonya ampi 0.4 tu, hata taa ndogo ya buti inafika hapo. Mara masaa 24 inakuwa karibu ampi-saa 10 kwa siku. Betri ya saizi yako ni kama ampi-saa 45 hivi ikiwa mpya na imejaa. Ijumaa jioni hadi Jumatatu asubuhi ni kama masaa 60, hapo umeshapoteza 24, yaani zaidi ya nusu, na haikuwa imejaa hapo mwanzo kwa sababu South B hadi shule dakika kumi stata inakula na alteneta haijapata nafasi ya kurudisha.

Na betri haifi siku hiyo. Ikikaa na njaa, juu ya zile bamba za risasi ndani kunatokea kitu cheupe, salfeti, ni kama ule utando wa maji ya kisima ndani ya birika. Ukiichaji mapema inayeyuka inarudi. Ukiiacha siku kadhaa inashikana inakuwa ngumu, na pale imeshikana hapashiki chaji tena. Wikendi baada ya wikendi betri ya 45 inakuwa ya 30, ya 20, halafu asubuhi ya baridi ya Julai inakuaibisha mbele ya watoto.

Kubwa zaidi haisaidii, itachelewa kufa tu na pengine haitaingia kwa trei. Ukisoma juu imeandikwa 46B24, hiyo 24 ni urefu kwa sentimita, usibahatishe. Kutoa terminali kila usiku inafanya kazi kweli lakini ni huduma ya kwanza, saa na redio zinajisahau na ile risasi ya juu inalika mpaka terminali inakuwa legelege.

Kanyau254

Hayo mengi ya nini. Toa vifuniko ongeza asidi, ukimaliza tia vidonge viwili vya maumivu kwa kila shimo. Babangu alikuwa anafanya hivo na Peugeot 504 ikawaka miaka.

fundi_wa_waya

Kanyau heshima kwa mzee lakini hapana. Kinachopungua ndani ya betri ni maji, asidi haiendi popote isipokuwa imemwagika. Ukiongeza asidi unafanya iwe kali inakula bamba, utaona ina nguvu wiki mbili halafu basi. Ni maji ya betri peke yake, yale yaliyosafishwa, yafunike bamba na sentimita moja hivi, na usijaze mpaka juu kabla ya kuchaji maana yatapanda yamwagike. Ya mfereji ina madini, hata ile ya dukani ya kunywa usiweke. Na vidonge wachia mwenye kichwa kinauma. Mama Pacha kama yako imefungwa kabisa haina vifuniko hii haikuhusu.

Dere_wa_Rongai

Naongeza yangu kama mtu amekaa kwa usukani. Angalia kama betri imefungwa na chuma chake! Gari nyingi zikienda kwa fundi mara moja kile chuma hakirudi, wanafunga na mpira wa tyubu au hawafungi kabisa. Ile nganya (matatu) nilikuwa naendesha betri ilikuwa inacheza kwa trei, na hizi barabara zetu ukiteremka matuta unaskia ndu! kule mbele, siku moja ikazima katikati ya raundabauti asubuhi na mapema, makanga ndio walisukuma huku abiria wanadai nauli zao. Ilipopasuliwa bamba moja ilikuwa imevunjika inagusa nyingine. Betri ilikuwa na miezi minne.

Jambo lingine, watu wanadhani kukaa kwa jam saa nzima ni kuchaji. Alteneta ikizunguka polepole haitoi yote, na wewe umewasha taa, wiper, AC, redio, simu mbili zinachaji. Pengine unatoka Mombasa Road na betri iko chini kuliko ulivyoondoka. Mimi nikiwa Mombasa kabla nirudi huku nilijifunza pia joto ndio adui mkubwa, baridi inaonyesha tu ile imeshachoka. Kule maji yalikuwa yanakauka unaongeza kila mara, huku Nairobi unaweza sahau miezi.

Na terminali! Ukiona unga mweupe ama wa kijani, toa negativu kwanza (ndio spana ikigusa bodi isilipuke cheche), mwaga maji moto na bikaboneti, sugua na brashi ya waya, kausha, paka grisi ama Vaseline, positivu irudi kwanza negativu mwisho. Wengine wanamwaga soda, inatoa unga kweli lakini inaacha sukari na sisimizi wanakuja kukaa kwa injini yako 😂

aqua_ya_usiku

Samahani kuingilia, na sisi wa haibridi? Mimi nafanya teksi ya programu na Aqua, betri ndogo iko chini ya kiti cha nyuma, na nimebusti (kuwasha kwa waya za jampa) mara mbili mwezi huu nikingoja wateja.

fundi_wa_waya

Unangojea ukiwa umewasha redio bila kuweka READY (ile taa ya dashibodi ya kuonyesha gari iko tayari kutembea), si ndio? Hapo unakula ile ndogo peke yake, haichajiwi na kitu. Ukiweka READY ile betri kubwa ndio inaijaza, hata injini ikiwa kimya. Na ukibadilisha chukua ile ya aina yake yenye kapaipu ka kutoa hewa nje, usikubali ya kawaida ya boneti iwekwe ndani na watu wanapumua humo. Wenye magari ya kujizima kwa jam pia msikubali ya bei rahisi, hizo zina betri zake, Mazda nyingi utaona imeandikwa Q-85, ukiweka ya kawaida itakufa haraka juu inapiga stata mara nyingi sana.

aqua_ya_usiku

Umenipata kabisa mkuu. Ndio hivo hivo nafanya.

MamaPacha_SouthB

Nimerudi, ni Jumapili. Jana mtoto wa dada yangu anasoma umeme alikuja tukafanya yote, hata ile ya bisibisi kwa komeo la mlango (pacha waliona ni uchawi). Asubuhi betri ilisoma 12.1. Gari ikiwaka 14.2, kumbe alteneta haikuwa na makosa na nilikuwa karibu kununua ingine kule Grogan kwa spea za mtumba. Halafu ya ampi, tukangoja nusu saa na chai, ikabaki imekwama 0.43!! Tukaanza na dashikamu nikiwa nimeshaishuku, tukatoa, ikashuka kidogo sana. Trakeri karibu sifuri. Tukatoa fyuzi ya redio ikaanguka mpaka 0.04 hapo hapo.

Tukavuta redio nje. Huko nyuma waya wa njano na mwekundu vimesokotwa pamoja na kufungwa na selotepu. Sio hata tepu ya umeme, selotepu ya ofisi!

fundi_wa_waya

Hahaha nilijua. Njano ni ya moto kila saa, ya kushika kumbukumbu tu. Mwekundu unafaa kutoka kwa ufunguo. Akiziunga pamoja redio haijui gari imezimwa, ukibonyeza skrini inakuwa nyeusi lakini ndani iko macho usiku kucha. Tenganisha, dakika ishirini imeisha. Halafu hiyo betri usiitupe bado, ipeleke ichajiwe polepole usiku mzima, ampi nne au tano, usikubali mtu aibusti haraka na ampi thelathini akurudishie baada ya saa moja. Iache ipumzike siku moja, pima. Ikishika 12.5 kwenda juu na stata isishuke chini ya 9.6 bado ina maisha. Na mara moja kwa wiki itoe Southern Bypass mpaka Kikuyu urudi, nunua hata viazi huko.

Siku utanunua ingine angalia tarehe ya kutengenezwa. Iliyokaa kwa rafu mwaka mzima bila kuchajiwa imeshaanza kuugua kabla hujalipa.

MamaPacha_SouthB

Asante sana fundi, Mungu akubariki. Swali la mwisho, zile mbili za zamani bado ziko kwa balkoni, kuna jamaa wa vyuma kuukuu anazitaka.

Dere_wa_Rongai

Usimpe wa kupita pita. Wanazipasua hapo mtaani wanamwaga asidi kwa mtaro wanayeyusha risasi kwa moto wa kuni. Kumbuka Owino Uhuru kule Mombasa, watoto waliingiwa na risasi kwa damu kwa sababu ya kiwanda cha kuyeyusha betri, mpaka korti 2020 ikaamua wakazi walipwe 1.3 bilioni. Wauzaji wengi wa betri wanakubali ya zamani wanakupunguzia bei ya mpya. Ziweke zikiwa zimesimama wima, mbali na pacha.

MamaPacha_SouthB

Sawa, nimezihamisha nikaziweka ndani ya karai la plastiki. Soja naye ameskia habari, anataka moja ya kuchaji simu hapo getini. Nimemwambia angoje kwanza niipime.