Mrejesho: barua pepe zilikuwa haziingii, tatizo la MX kwenye BIND

Habari wakuu. Niliuliza kwa nini barua pepe za kutoka nje haziingii ofisini kwetu, huku tunazotuma zinafika, japo nyingine zinaangukia spamu. Asanteni sana mliojibu.

Mkuu aliyesema nikague nukta alilenga penyewe. Kwenye rekodi ya MX (inayotaja seva inayopokea barua za domeini), jina la seva ya barua halikuwa na nukta mwishoni, basi BIND (programu ya seva yetu ya DNS, inayogeuza majina ya mtandao kuwa anwani za IP) ikalibandika domeini tena: mail.mfano.co.tz.mfano.co.tz. Nani atalipata hilo! Amri ya named-checkzone, inayokagua faili la rekodi hizo, ililitaja jina hilo refu waziwazi kuwa halina rekodi ya A, yaani anwani ya IP. Nukta ikawekwa, lakini seva ya pili ya DNS, yenye nakala ya rekodi, iling'ang'ania jibu la zamani hadi namba ya toleo kwenye SOA (rekodi ya mwanzo ya faili hilo) ilipoongezwa. Baada ya hapo ni kusubiri TTL (muda ambao seva nyingine hukumbuka jibu la zamani) ya sekunde 86400 iishe, yaani saa 24.

Ushauri wa kuelekeza MX kwenye CNAME (jina la badala linaloelekeza kwa jina lingine) sikuufuata. RFC 2181, waraka wa kanuni za DNS, inakataza.

Sasa barua zinaingia. La spamu bado: linahitaji PTR, rekodi inayotaja jina la anwani ya IP, ambayo seva zinazopokea barua huikagua. PTR anaiweka mwenye IP, yaani mtoa huduma wetu wa intaneti, na hajajibu.