Tupeane uzoefu: siku ulipoingia maktaba na jinsi ulivyopokelewa

Mleta mada (mwalimu wa sekondari, Dodoma)

Ndugu zangu, tangu mwezi wa kwanza nimekabidhiwa funguo za maktaba ya shule yetu, na kilichonishtua si uchache wa vitabu bali daftari la wasomaji, ambalo kwa majuma mengi halikuwa na jina hata moja. Mlangoni palibandikwa karatasi yenye makatazo tisa: usiongee, usiingie na begi, usiguse rafu bila ruhusa, na mengine ya namna hiyo. Neno "karibu" halikuwemo. Naomba kila mwenye kumbukumbu ya maktaba, iwe ya shule au ya umma, atueleze ni nini kilichomfanya arudi au asirudi tena.

Mchangiaji, Dar es Salaam

Asante kwa mada hii, mwalimu. Nilikuwa darasa la nne baba aliponipeleka Maktaba Kuu, lile jengo la Barabara ya Bibi Titi Mohamed ambalo Mwalimu Nyerere alilifungua tarehe 9 Desemba 1967. Ukimya wa mle ndani ulinitisha, nikaung'ang'ania mkono wa baba. Mama mmoja wa sehemu ya watoto aliinama mpaka tukatazamana uso kwa uso, akaniuliza: "Unapenda hadithi za wanyama au za watu?" Nikajibu za wanyama. Akaniletea vitabu vitatu, akavipanga mezani, akaniacha nichague mwenyewe. Hakuuliza ninasoma shule gani wala baba anafanya kazi gani. Leo nina wanangu, na swali lile ndilo ninalowauliza kila tunapokwenda maktaba.

Mchangiaji, Morogoro (dereva wa bodaboda)

Mimi niliishia mlangoni. Nilikwenda maktaba moja ya umma nikiwa na koti la kazini na kofia mkononi, nikitafuta kitabu cha sheria za barabarani, mlinzi akaniuliza: "Unamtafuta nani?" Sikuwa nikimtafuta mtu. Niligeuka nikaondoka, na sasa ni mwaka wa sita.

Mchangiaji, Nairobi

Pole sana, ndugu yangu wa Morogoro. Babu yangu naye alizuiwa mlangoni, ila kwake yeye ilikuwa ni amri ya wenye mji. Maktaba ya McMillan ilifunguliwa mwaka 1931 katikati ya Nairobi, na kwa miaka mingi ya ukoloni Mwafrika hakuruhusiwa kusoma humo. Hata baada ya milango kuwa wazi kwa wote, babu aliendelea kupita mbele ya wale simba wa mawe walio mlangoni pake bila kugeuza shingo, akisema kwamba pale pana wenyewe. Ndiyo maana nilifarijika kuona matawi yake ya Kaloleni na Makadara yakikarabatiwa miaka ya karibuni kwa ushirikiano wa shirika la Book Bunk na serikali ya kaunti, kwa kuwa hizo ni maktaba zilizo mitaani, ambako mtoto anaweza kuingia akiwa amemshika mdogo wake mkono.

Mchangiaji, Moshi (mwalimu mstaafu)

Mwalimu wa Dodoma, usiwalaumu upesi waliokutangulia. Nilitunza maktaba ya shule kwa miaka kumi na minne, na mwanzoni nami nilifunga makabati. Kitabu cha shule huandikwa kwenye leja kama kiti na meza, na hesabu isipotimia anayeulizwa ni mwalimu aliyekabidhiwa. Kwa hiyo kitabu kilichofungiwa ndicho huonekana kuwa salama, na mwanafunzi anayekiomba hugeuka kuwa mtu wa kushukiwa. Kilichonifungua mikono ni mkuu wa shule aliyekubali kuweka katika maandishi kwamba kitabu kilichochakaa au kupotea katika kusomwa kitajadiliwa kwenye kikao, wala sitakilipa mimi.

Baada ya hapo niliweza kuzitazama rafu kwa macho ya mtoto. Tulikuwa tukitumia namba za Dewey, yaani mfumo wa kupanga vitabu kwa mada, ambazo huiweka fasihi ya Kiswahili kwenye 896.392. Namba hiyo inamfaa mkutubi, lakini mtoto wa kidato cha kwanza ambaye hajawahi kuingia maktaba haimwambii chochote. Tuliziacha namba kwenye migongo ya vitabu, na juu ya rafu tukaandika kwa herufi kubwa: Riwaya, Mashairi, Tamthilia, Kilimo, Mwili wa Binadamu. Kisha tukawapa wanafunzi wanne zamu ya kuwapokea wenzao, maana mtoto humwuliza mwenzake jambo ambalo angeona haya kumwuliza mwalimu. Muhula ule vilipotea vitabu saba, na vitano vikarudi.

Mchangiaji, Tanga

Ninatumia kiti cha magurudumu. Maktaba iliyo karibu nami ina ngazi nne na wahudumu wapole sana, ambao huniletea vitabu nje, chini ya mwarobaini. Ninawashukuru kwa dhati, lakini sijawahi kujichagulia kitabu rafuni.

Mleta mada

Shikamoo, mwalimu wa Moshi. Karatasi ya makatazo nimeibandua leo mchana, na mahali pake nimeandika saa za kufungua. Mlango wetu nao una ngazi mbili, nami nitaomba mteremko wa saruji kwenye kikao cha Ijumaa. Kinachonitatiza bado ni mabegi: chumba ni kidogo, lakini sipendi watoto waache mali zao nje kwenye vumbi. Wewe ulifanyaje?

Mchangiaji, Moshi

Marahaba. Fundi seremala alitutengenezea rafu ya mabegi ndani, ukutani, mkabala na meza za kusomea. Ukiiweka pale, mtoto akiinua macho analiona begi lake.